Barua Zilizorudi Walthamstow

Mmeniomba, ninyi mlioko ofisini sasa, niandike jinsi kazi yetu inavyofanyika, nanyi mmemwomba mtu anayestahili. Katika ofisi ile ya haki na amani nilikaa miaka ishirini na minne, kuliko mtu mwingine yeyote ukimtoa Sista Una, na yeye alikuwa mtawa, hakuwa na pengine pa kwenda. Vyeo nitaviruka. Nilivipata vyote vilivyokuwepo, na vilikuwa viwili. Mshahara wa Kanisa mnaujua, hauhitaji maelezo. Nitaandika yale ambayo hayamo katika mafaili: siku ya kwanza, vifaa, aliyenifundisha, na kosa moja kubwa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu najua na ninyi mtalifanya msipoambiwa.

Kwanza mjue mnasoma maneno ya nani. Mimi sikubebwa na mtu. Nilifika London kutoka Mbinga nikiwa na sweta moja, tena lisilo na mikono. Nikaosha vyombo katika mkahawa wa Waarabu pale Edgware Road, nikajua kuagiza kahawa kwa Kiarabu kabla sijaweza kuagiza chai kwa Kiingereza. Kisha nikapanga maboksi katika ghala moja Edmonton. Wenzangu walipokwenda kuvuta sigara, mimi nilisoma. Stashahada yangu ya sheria na utawala wa umma niliipata kwa masomo ya jioni, miaka mitatu, bila kurudia mtihani hata mmoja, na katika darasa letu nilikuwa wa kwanza. Baadaye wamekuja ofisini watu wenye shahada mbili wakaniuliza muswada unasomwa bungeni mara ngapi. Niliwajibu bila kuwacheka. Karibu bila kuwacheka.

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti na nikabeba stashahada ndani ya bahasha ya plastiki. Ofisi ilikuwa pale pale mnapoijua, vyumba viwili juu ya ukumbi wa parokia Walthamstow, unapanda ngazi ndefu huku unasikia kelele za sokoni. Kila Jumanne na Ijumaa wazee walicheza bingo chini yetu, kwa hiyo sheria nyingi za nchi ile nimezisoma huku namba zikiitwa.

Sista Una alikuwa Mwairishi aliyefundisha sekondari Kitui kwa miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na alikizungumza bila haya, akivunja anachovunja na kusonga mbele. Aliichukua stashahada yangu, akaisoma yote, akaigeuza.

"Nzuri," akasema. "Nyuma hakuna kitu?"

"Hakuna, Sista."

"Basi keti, Deo. Mbunge wako ni nani?"

Sikumjua. Nilijaribu jina moja, likawa la mtu aliyekwisha kufa.

"Unaishi wapi?"

"Edmonton."

"Unaishi Edmonton, una karatasi ya sheria, na mtu anayekutungia hizo sheria humjui. Ijumaa anakutana na watu wake maktaba. Nenda upange foleni."

"Nikamwambie nini?"

"Kitu kinachokuuma. Kimoja. Ukipeleka viwili atachagua kilicho rahisi."

Nilikwenda. Kilichokuwa kinaniuma wakati ule ni kituo cha basi mbele ya ghala, kilikuwa kimeondolewa na watu wa shifti tukawa tunatembea nusu saa kwenye mvua. Niliandika ukurasa mmoja, jina, anwani na postikodi ya mtaa wangu juu, ombi moja chini. Mbunge aliandika barua kwa wahusika, na baada ya miezi kituo kikarudi. Kipo mpaka leo. Kila nilipopita pale nilikitazama kama mtu anavyotazama shamba lake.

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazi. Mengine yote yalikuwa ndani ya sanduku.

Sanduku mnalijua, lakini wachache wenu mnajua lilikotoka. Ni sanduku la mbao la kadi za maktaba, Sista Una aliliomba katika shule iliyokuwa inafungwa. Kadi moja, mbunge mmoja. Juu jina, jimbo, jina la katibu wake. Chini, kwa kalamu ya wino, yale ambayo hayaandikwi magazetini. "Mama yake alikuwa muuguzi." "Usimpigie kabla ya saa nne." "Alitokwa machozi tulipozungumza habari za wafungwa, usimkumbushe mbele ya watu." Ilipokuja kompyuta tulinakili kila kitu, na mimi ndiye niliyefundisha ofisi nzima kuitumia. Lakini mtandao umewahi kukatika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sanduku halijakatika hata siku moja.

Sista alikuwa na sheria zake. Hatuna chama. Padre hawaambii watu wamchague nani, na sisi pia hatuwaambii. Barua inaandikwa kwa mkono na mwenyewe, hata kama mwandiko ni wa kuku. "Kadi elfu moja za kuchapwa ni karatasi," alikuwa akisema. "Barua kumi za mkono ni watu kumi." Na barua inakwenda kwa mbunge wa mwandishi, si kwa mbunge mwingine, kwa sababu kule mbunge anamjibu mpiga kura wake peke yake. Ni desturi ya Bunge, na wanaishika kuliko wengi wetu tunavyoshika Kwaresima.

Nanyi mtakutana na Wakristo wasiotaka kazi hii. Baada ya Misa moja ya Kiswahili, mzee mmoja wa kwaya alinivuta kando ya meza ya chai.

"Bwana Deo, sisi tumekuja kusali. Siasa tuwaachie wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani?" nikamuuliza.

Alifikiri, akachukua biskuti, akaondoka. Mwaka uliofuata kodi ya nyumba ilipomshinda akanijia na barua ya mwenye nyumba, tukaandika pamoja, na sikumkumbusha. Nimekumbusha sasa tu, na jina nimelificha.

Nimefanya kazi juu ya miswada mingi: ya wapangaji, ya wafungwa, ya wakimbizi, ya chakula cha watoto shuleni. Mingine tulishinda neno moja, na neno moja ndani ya sheria linaweza kulaza familia ndani badala ya nje. Lakini kesi ninayotaka kuiandika ni ile ya Perpetua. Ninyi mnamjua Perpetua akiwa kwenye kiti cha mkuu. Hamjui alivyoingia.

Aliingia Jumatano moja asubuhi, amevaa sare ya kazi ya kea, kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Alikuwa ametoka Machakos mwaka mmoja na nusu kabla, kwa viza inayomfunga kwa mwajiri mmoja, kampuni ndogo iliyokuwa Edmonton. Kampuni ile ilikuwa inamwandikia nyumba nyingi kuliko saa za siku. Siku moja alimkuta mzee wake kitandani saa saba mchana, hajageuzwa tangu jana, chai ya asubuhi imeganda mezani, kwa sababu aliyepaswa kuja kabla yake aliandikiwa nyumba mbili kwa wakati mmoja. Perpetua aliripoti. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Baada ya wiki tatu kampuni ikasema haina tena zamu zake na ikaondoa udhamini. Kisha ikaja barua ya serikali: ana siku sitini apate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini, la sivyo afungashe.

Aliiweka ile barua mezani kwangu.

"Mzee, si uniambie tu ukweli. Nikipiga ripoti nyumbani, ningefukuzwa nchini?"

"Nyumbani ungefukuzwa kazi."

"Hapa ni vyote viwili."

Wakati ule ule muswada wa ajira ulikuwa bungeni, na kulikuwa na pendekezo la kuongeza kifungu kimoja, mistari sita tu, kwamba mfanyakazi wa kea aweze kuhama mwajiri ndani ya sekta ile bila kupoteza viza. Maaskofu walikuwa wameliunga mkono. Mafundisho ya Kanisa hapo hayana kona: kazi ni kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Kifungu kisingemwokoa Perpetua mwenyewe, sheria haitembei haraka hivyo. Lakini kingewaokoa wa baada yake, na yeye alikuwa ushahidi unaopumua.

Kwa hiyo tulikuwa na kazi mbili, na kalenda moja iliyokuwa inahesabu kwa zote: kifungu kipite, na Perpetua apate mdhamini kabla siku sitini hazijaisha. Alikwisha tumia siku tisa.

Sasa ninakuja kwenye kosa.

Sista Una alikuwa ameshastaafu, yuko katika nyumba ya masista wazee. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu, na nilikuwa mkuu mzuri. Nilijua kwamba mbunge mmoja wa kaskazini mwa London alikuwa na sauti kubwa katika muswada ule, na kwamba alikuwa anasitasita. Nikaona nimfikie kwa uzito. Jumapili ya kwanza ya mwezi ilikuwa Misa ya Kiswahili, kanisa linajaa mpaka watu wanasimama nyuma. Padre Anselmi, mlezi wa jumuiya yetu, alinipa nafasi ya matangazo.

"Dakika mbili, Deo," akasema tukiwa sakristia. "Si zile za kwako."

Nilitumia nane, na zilikuwa nzuri. Baada ya Misa tulitandaza karatasi na kalamu katika ukumbi, pilau upande mmoja, barua upande mwingine, na nilikuwa nimeagiza kwamba sahani haitolewi kwa mtu asiyeandika. Watu waliandika. Watu wazima, wauguzi, wanafunzi, kina mama wenye watoto wanaoelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Tulipata barua mia mbili na kumi na nne, za mkono, zote kwa mheshimiwa yule mmoja. Jumanne nikazipakia katika kigari cha sokoni chenye magurudumu mawili, nikazipeleka mwenyewe ofisini kwake. Njiani nilikuwa natembea kama bwana harusi.

Siku kumi baadaye katibu wake alipiga simu, mama mpole, akaniomba nikachukue vitu vyangu.

"Mheshimiwa ameguswa sana," akaniambia. "Lakini tumeangalia postikodi. Kumi na moja ni wapiga kura wake, hao atawajibu. Hawa wengine tungeweza kuwasambaza kwa wabunge wao, ila itachukua muda, na nilidhani ungependa ufanye mwenyewe. Nimezifunga kwa raba."

Barua mia mbili na tatu, zimefungwa kwa raba. Nilizirudisha Walthamstow kwa kigari kile kile. Gurudumu moja lilianza kulia njiani.

Ilikuwa siku ya ishirini na tano ya zile sitini. Sikwenda kwanza kwa Perpetua. Nilikwenda kwa Sista Una, na ninaandika hivyo kwa sababu ninyi mngefanya kinyume na mngekuwa sahihi.

Alikuwa amekaa dirishani na chemshabongo ya gazeti. Nilimweleza yote, pamoja na dakika nane. Hakunikaripia. Aliuliza swali moja tu.

"Hao watu wa Misa ya Kiswahili wanaishi wapi?"

"London."

"London wapi, Deo?"

Nikaanza kutaja. Edmonton, Tottenham, Croydon, Woolwich, Barking, Peckham, Harrow. Nilipofika Harrow akanizuia kwa mkono.

"Parokia ni mtaa," akasema. "Misa ya Kiswahili si mtaa. Hao hawakukutana kwa sababu wanapanda basi moja. Wamekutana kwa sababu ya Baba Yetu."

"Basi tumekwisha, Sista."

"Umekwisha wewe na mbunge wako mmoja. Rudi ukahesabu wabunge ulio nao ndani ya hizo raba." Akachukua kalamu yake. "Na yule msichana umwambie leo. Nipe neno la herufi saba, mnyama wa jangwani, si ngamia."

Sikumpa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Perpetua nilimkuta ofisini, akinisubiri na orodha ya waajiri aliokwisha kuwapigia. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wacha niseme hivi, Mzee. Ulitaka umuogopeshe huyo mtu na wingi."

"Nilitaka."

"Na amezirudisha na raba."

"Amezirudisha na raba."

"Hizo siku kumi ulizongoja," akasema polepole, "zilikuwa zangu."

Nimesimama mbele ya mawaziri. Nimejibu maswali ya wanasheria wa serikali, na wawili kati yao niliwasahihisha. Siku ile niliweka tu mafurushi mezani. Yeye ndiye aliyenyanyua furushi la kwanza.

"Leta," akasema. "Hii hapa ni N9, hiyo ni Edmonton. Hii ni SE15, Peckham, kuna mama nilikuwa namuogesha huko nilipokuwa namshikia mwenzangu zamu. CR0, Croydon, basi mbili na treni moja."

Kampuni ilikuwa imemzungusha London nzima kwa mwaka mmoja na nusu, na kichwani mwake alikuwa na ramani ambayo mimi, mwenye stashahada na miaka yangu yote, sikuwa nayo. Meza za ukumbi zilikuwa na bingo. Tukatumia ngazi. Kila kidato jimbo moja, kuanzia chini. Wazee wa bingo wakitaka kupita kwenda msalani tuliwaomba waruke. Tulipomaliza, barua zilikuwa zimelala juu ya vidato ishirini na saba. Ngazi zile zina vidato thelathini na vinne, mnaweza kuhesabu. Saba vya juu vilibaki vitupu.

"Wabunge ishirini na saba," nikasema.

"Ambao hakuna hata mmoja ameandikiwa," akasema Perpetua. "Kila barua ina jina la yule mwingine."

Ilibidi kila mtu aandike upya. Misa nyingine ya Kiswahili ilikuwa baada ya kura. Kwa hiyo tulipiga simu, mtu mmoja mmoja, na asiyeshika simu nilimfuata kwake kwa basi. Kwa siku kumi na mbili sikukaa ofisini zaidi ya saa moja. Mtu niliyemfuata mpaka kiwandani alinitazama kupitia wavu wa geti akasema, "Mzee Deo, wewe ungekuwa mdai ungetajirika." Niliipitisha kalamu kwenye matundu ya wavu.

Simu moja lazima niiandike yote. Mama Ndinda, Mkamba, muuguzi mkuu katika nyumba ya wazee kusini mwa mto, mwanamke mwenye mwandiko mzuri na anayejua kwamba ni mzuri.

"Niandike tena? Mwandiko wangu hukuuona?"

"Niliuona, Mama."

"Na huyo mheshimiwa hakuuona."

"Si mheshimiwa wako."

"Sasa ulinipa karatasi ya nini? Nimeacha pilau ikapoa kwa mheshimiwa wa watu." Akavuta pumzi. "Haya, nisomee niliandika nini, nami ninakili. Siku ile niliandika haraka, foleni ilikuwa inasukuma."

Nikamsomea. Nilipofika mahali pa "dada yetu aliyefukuzwa kwa kusema kweli" akanikatiza.

"Dada yupi?"

"Perpetua. Niliwaeleza kanisani."

"Ulieleza dakika nane, nani anasikiliza dakika nane? Huyo Perpetua ni nani hasa?"

Nikamweleza kwa maneno machache, safari hii. Mzee kitandani, chai iliyoganda, ripoti, barua ya serikali.

"Amefukuzwa kwa kuripoti," akasema. "Mimi natafuta wanaoripoti, siwapati. Leseni ya kudhamini tunayo. Siahidi, meneja ndiye anayeamua. Amebakiwa na siku ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Mwambie aniletee karatasi zake kesho. Yeye, si wewe. Wewe utaniletea hotuba." Kisha akaongeza, "Na barua naandika. Usifikiri umeniponyoka."

Mnaona. Barua ile ingefika kwa mtu sahihi mara ya kwanza, asingeuliza. Siwaambii mkosee ili mpate baraka. Nawaambia mkikosea, rudini kwa kila mtu kwa mguu, kwa sababu hamjui nani alitia sahihi bila kusikia.

Wiki ya kura tulikuwa tumeomba chumba bungeni tuzungumze na wabunge wowote watakaokuja. Kwa kawaida wanakuja wawili, na mmoja wao amekosea mlango. Walikuja tisa, kila mmoja na barua za watu wake mkononi, na nilitambua miandiko. Yule wa kaskazini naye alikuja, na zake kumi na moja.

Mimi nilikuwa na hotuba ya kurasa sita. Tulikubaliana na Perpetua kwamba nitasimulia habari yake bila kutaja jina, maana meneja wa Mama Ndinda alikuwa hajajibu, na mtu asiye na kibali kilichotulia hana sababu ya kujitangaza mbele ya serikali. Nilisimama, nikasafisha koo. Mwenyekiti akaniambia kengele ya kwenda kupiga kura nyingine italia baada ya dakika saba.

Nikaanza kutafuta ukurasa wa kuanzia. Perpetua aliniwekea mkono juu ya karatasi.

"Mzee, keti."

Nilikuwa nimeambiwa hivyo mara moja tu katika kazi ile, siku ya kwanza. Nikaketi.

Alisimama akasema jina lake, lote, na mahali alipofanyia kazi. Akaeleza habari ya mzee wake. Hakulia, wala hakuomba huruma. Alieleza kama anavyokabidhi zamu: mgonjwa nilimkuta hivi, nilifanya hivi, niliripoti kwa fulani, saa fulani. Mbunge mmoja mama akamuuliza kwa nini hakuacha tu kazi akatafute nyingine.

"Nikiacha, mheshimiwa, mimi ndiye ninayeondoka nchini," akajibu. "Mzee anabaki. Na anayekuja baada yangu ameona nilivyofanywa, kwa hiyo hatasema."

Yule wa kaskazini aliacha kuandika. Kengele ikalia. Hotuba yangu ninayo bado, ni nzuri, na hakuna aliyeikosa.

Siku ya kura tulikaa kwenye viti vya wageni juu ya ukumbi wa Bunge. Kifungu kilianguka. Kati ya wale tisa, saba walikipigia kura, wawili wao kinyume na chama chao, na wa kaskazini alikuwa mmoja wa hao wawili. Haikutosha.

"Tumeshindwa?" Perpetua akauliza.

"Tumeshindwa."

"Halafu tunafanya nini?"

Mtu akiniuliza swali hilo badala ya kulia, namjua ni mtu wa kazi hii. Nilimwambia alichonifundisha Sista Una: siku ile ile unayoshindwa unaandika barua za shukrani, kwa waliokupigia kura, na kwa waliokuja kukusikiliza wakakupinga. Hizo za pili zinakuwa fupi. Tulirudi Walthamstow tukaziandika, kisha tukajaza kadi. Kwenye kadi ya yule mbunge wa kaskazini niliongeza mstari mmoja: "Barua kumi na moja zilimtosha."

Siku ya hamsini na sita meneja wa Mama Ndinda alijibu ndiyo. Perpetua alinipigia akiwa kituo cha basi huko kusini, na aliposema nikasikia anahesabu zilizobaki kwa sauti. Nne. Alihamia huko, akafanya kazi kwa Mama Ndinda miaka sita, na kila siku yake ya mapumziko alivuka London nzima kuja kukaa na sanduku. Viza yake ilipogeuka kibali cha kudumu, nikamwambia aombe kazi ofisini kama watu wengine. Aliomba na akashinda. Sikumsaidia kwenye usaili, mimi mwenyewe nilikuwa nauliza maswali magumu.

Sista Una alifariki kabla sijastaafu. Katika vitu vyake kulikuwa na chemshabongo ile, neno la herufi saba bado tupu.

Sasa niko Mbinga. Nyumba nimejenga mwenyewe, ina vigae, ukiuliza barabarani utaonyeshwa. Stashahada iko sebuleni, na mgeni akikaa kiti cha kwanza anaisoma atake asitake. Getini nina kibao cha namba ya nyumba na postikodi, maana na huku siku hizi tunazo. Wiki ya pili baada ya kurudi nilikwenda ofisi ya mbunge wetu na ukurasa mmoja kuhusu daraja la chini. Daraja tu. Karani akaniuliza kama nina jambo jingine, nikamwambia ninayo mengi, atayapata moja moja.

Mwezi uliopita Perpetua alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia namba za bingo.

"Mzee, shikamoo, si ndivyo mnavyopenda huko kwenu. Kifungu kimerudi kwenye muswada mpya. Mistari ni saba sasa. Mama Ndinda ameandika barua ya kwanza, anauliza kama safari hii mwandiko wake utaonekana. Jana tumepanga za Misa ya Kiswahili pale kwenye ngazi. Tumejaza vidato vyote, mpaka mlangoni kwako, ilibidi niingie ofisini kwa kuruka. Wewe hatukukuhesabu, huna postikodi ya huku."

Nikamjibu: "Marahaba. Msinihesabu. Kura ni lini?"

Kisha nikaurudia ujumbe wake tangu mwanzo, nikasikiliza tena mpaka pale alipofika mlangoni.